Bidoni la Mama Mwamini

Nimesikia mmealikwa kwenye maonyesho ya mashine kule Lubumbashi. Nimesikia pia kwamba wawili kati yenu mmeshapeleka vitambaa kwa mshonaji. Sina ubaya na suti. Mimi mwenyewe nilishonesha moja ya kijivu hapa sokoni Kasongo, na picha yangu nikiwa nimeivaa, kadi imening'inia shingoni, iko ukutani hadi leo. Mke wangu ndiye aliyeitundika. Kama ingekuwa shauri langu, ningeitia jikoni pamoja na kuni.

Nawaandikia ninyi mafundi wa mashine za kukoboa mpunga, mnaoshika kazi niliyoiacha, ili mjue kwa nini picha hiyo inaniudhi. Msidhani ni uzee. Hasira hii nilianza kuwa nayo meno yangu yakiwa pungufu moja tu.

Na kwa kuwa nimetaja meno, nianzie hapo. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salumu, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa na mashine ya chuma pembeni mwa soko, ile ya kuzungusha kwa mkono wa chuma mpaka injini ikohoe. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea magunia ya mkubwa mmoja wa mji bila kuyaangalia, kwa sababu alikuja na kofia nzuri na sauti nene. Mpunga ulikuwa mbichi. Uliingia ndani ya mashine ukageuka uji, pumba zikaziba chungio, mkanda ukaruka ukampiga mbuzi wa jirani. Mzee Salumu hakunipiga. Aliniambia:

"Tangu leo, kila gunia linaloingia hapa, utatafuna punje yake moja. Mbele ya mwenye gunia."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka meno yakatike."

Nilitafuna. Punje ikivunjika kwa mlio mkavu, ka!, mpunga uko tayari. Ikipinda chini ya jino, urudi kwenye mkeka. Ikisagika kama unga, umeungua juani, na mashine itatoa chenga, mchele wa vipande vipande, hata ufanye nini. Nikajifunza pia kwamba mpunga ukitoka juani haupelekwi mashineni siku ileile. Uache ulale ndani, upoe, ndipo punje ishike. Jino langu la mbele lilikatika kwenye gunia la kutoka Nyangwe lililokuwa na kokoto. Mzee Salumu aliliangalia akasema, "Sasa wewe ni fundi." Hakucheka.

Ninachotaka mshike ni hiki: fundi haamini kofia, haamini sauti, haamini karatasi. Anatia punje kinywani. Mimi niliyafanya hayo kila siku, na siku moja tu, siku iliyokuwa kubwa kuliko zote, sikuyafanya.

Mama Mwamini wengi wenu mnamjua, lakini mnamjua akiwa ameshazeeka. Wakati huo alikuwa kiongozi wa chama cha wanawake wakulima wa mpunga kule Kabambare, mwanamke mrefu, anayesema polepole na kukutazama mpaka umalize kujibu. Wanawake wake walikuwa wanatwanga mpunga wote kwa kinu na mchi. Mradi mmoja, jina lake liacheni, uliahidi kuwapa mashine moja. Moja tu, haitakuja ya pili. Mkubwa wa mradi, tuliyemwita Direkta, angeenda kuichagua kwenye maonyesho ya Lubumbashi, na alitakiwa kuwa na fundi pembeni yake wa kusema ndiyo au hapana. Fundi huyo nilikuwa mimi.

Nilienda Kabambare kwa pikipiki kuaga. Mnaijua ile barabara, kwa hiyo sisemi lolote. Mama Mwamini alinipokea na bidoni, dumu la plastiki la lita tano, lililojaa mpunga, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye mambo. Wanawake wa Kabambare hawapandi mpunga wa aina moja. Katika shamba moja wanachanganya mbili: mfupi unaowahi, na mrefu unaochelewa. Mvua ikikatika mapema, mfupi unakuwa umeshapona. Ikizidi, mrefu unasimama. Wanavuna kwa kisu kidogo, wanapura pamoja, wanaanika pamoja. Kwa hiyo kila kiganja cha mpunga wao kina punje nene fupi na punje nyembamba ndefu. Mashine ya chuma ya Mzee Salumu haikujali. Ilikuwa inasugua kila kitu kama mama anayeogesha watoto wengi. Mashine za siku hizi, zile zenye magurudumu mawili ya mpira, zinajali sana.

Mama Mwamini alilijua hilo kabla ya wataalamu wote.

"Papa Amisi," akaniambia, "weye njo utaenda. Sisi hatutaiona ile mashini mpaka ifike hapa. Tia mupunga yetu mule ndani na mukono yako. Ikitoka muzuri, sema ndiyo. Ikitoka chenga, sema hapana."

"Na wakinikatalia kutia?"

"Wakukatalie nini? Mutu anauzisha sufuria, anakukataza kutia maji?"

Wanawake waliokuwa wamekaa kando wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, huyu papa akiona bilauri za mujini atasahau hata jina yake." Nikacheka nami. Ningejua!

Basi nikafika Lubumbashi. Bidoni lilikuwa limekaguliwa Kindu, kwenye uwanja wa ndege, na watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akichovya mkono ndani kana kwamba nimeficha nyoka. Wa mwisho aliniuliza, "Papa, Lubumbashi hakuna mpunga?" Nikamjibu uko, lakini wenye huo hawataniuliza habari zake nikirudi.

Maonyesho, wanangu, ni soko lisilo na harufu. Hilo ndilo lililonishtua kwanza. Ukumbi mkubwa, zulia jekundu, vibanda vyeupe, mashine zinang'aa, na hakuna jasho wala mafuta ya injini wala pumba hata moja sakafuni. Mlangoni msichana alinivika kadi shingoni yenye neno moja kubwa: EKSPERI, yaani mtaalamu. Tangu wakati huo sikuitwa tena Amisi. "Eksperi, karibu." "Eksperi, kamata kofia." Kila kibanda kinakupa kitu: kofia, kalamu, mfuko, mfuko wa kutia mifuko. Kufika saa sita nilikuwa na kalamu kumi na moja na hakuna mtu aliyenipa karatasi. Chakula kidogo kinapita kwenye sinia, kimechomwa kijiti, unakila umesimama, ukitafuta pa kutupa kijiti humpati mtu wa kukuonyesha, nikarudi hotelini na vijiti saba mfukoni.

Kulikuwa na mtu aliyehutubu saa nzima kuhusu mpunga wa Kongo. Alionyesha mishale na miviringo ukutani. Alisema mkulima ni mhimili, akasema mara nyingi. Katika saa hiyo nzima hakuonyesha punje moja. Na tulipotoka kwenda kula, chakula cha mchana cha mkutano huo wa mpunga wa Kongo kilikuwa wali wa kutoka ng'ambo, wa chenga, umeungua chini. Nilitazama meza nzima ya wataalamu wakiula na kusifu mhimili. Nami nilikula. Hata hilo naliandika hapa, ili mjue sikuwa bora kuliko wao.

Kibanda cha mashine yetu kilikuwa katikati. Muuzaji alikuwa kijana wa hapohapo mjini, kravati nyekundu shingoni, mikro ya kukuzia sauti imeshikizwa sikioni kama hereni. Alitia mpunga wake: punje zote urefu mmoja, unene mmoja, kama askari kwenye paredi. Mchele ukatoka mweupe, mzima. Watu wakapiga makofi. Nikasogea na bidoni langu, nikafungua kitambaa.

"Papa, hapana!" kijana akaruka. "Usitie kintu mule!"

"Ni mpunga. Naomba makopo mawili tu."

"Iyi mashini iko ya kuonyesha, papa. Mupunga yako iko na vumbi, itachafula ndani."

"Mashine ya mpunga inaogopa vumbi la mpunga?"

Watu walicheka. Mikro ilikuwa wazi, ukumbi mzima ulisikia. Kijana akaanza kuivutavuta kravati yake. Hapo ndipo nilipotakiwa kutia. Mkono ulikuwa juu tayari, bidoni limeinama. Ningeachia tu.

Direkta akanishika kiwiko, akanisemesha sikioni kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya: "Fundi Amisi, usituaibishe. Hawa watu wametupokea vizuri. Weye leo ni eksperi, hauko muchuuzi wa pale sokoni."

Nikashusha bidoni.

Nimelitafuta neno la kujitetea muda mrefu, sijalipata. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenipa kitu zaidi ya kalamu. Niliona haya tu. Niliona haya kwa vumbi la Kabambare juu ya zulia jekundu.

Na mjue walichofanya na ule mpunga. Msichana wa kibanda alisema, "Lakini ni mzuri kwa macho!" akalichukua bidoni, akaumimina mpunga wa Mama Mwamini kwenye bilauri za kioo, akaweka jani la kijani juu na kikaratasi kwamba umetoka Kabambare. Ukapigwa picha siku nzima, hatua tatu kutoka kwenye mashine, na haukuingia ndani yake hata punje. Jioni Direkta akaweka saini, nami nikaweka yangu chini yake, mahali palipoandikwa eksperi. Kisha nikapigwa ile picha iliyo ukutani.

Bidoni walinirudishia, limeoshwa, tupu.

Sasa sikilizeni dhambi yenyewe, maana kunyamaza kule mjini kulikuwa nusu tu. Niliporudi Kabambare, Mama Mwamini alilipokea bidoni kwa mikono miwili, akaliinua, akaona ni jepesi. Uso wake ukafunguka.

"Uliutia wote?"

Nikasema, "Mashine ni nzuri, mama."

"Aksanti, papa."

Angalieni jinsi nilivyojibu. Sikusema uongo hata neno. Niliachia bidoni tupu liseme kwa niaba yangu.

Mashine ilifika baadaye, vipande vipande juu ya pikipiki, vingine vikisukumwa kwa baiskeli na watu wawili. Niliiunga kwa siku tatu, na kwa kazi ya kuunga sina aibu, kila boliti ilikaa mahali pake. Siku ya kuizindua wakaja wakubwa, akaja mpiga picha. Wakamsimamisha Mama Mwamini kando ya mashine, mkono wake juu ya chuma, wakamwambia acheke. Akacheka kweli, alikuwa na furaha. Wakapiga picha. Halafu wakapanda magari yao wakaondoka, na ndipo mpunga ukatiwa. Nasema ndipo, yaani baada yao kuondoka.

Magurudumu ya mpira yakashika punje nene, nyembamba zikapita na maganda yake yote. Nikakaza. Nyembamba zikakobolewa, nene zikavunjika vipande vitatu. Nikalegeza, nikakaza tena, wanawake wamesimama na nyungo zao. Kilichotoka chini kilikuwa chenga, pumba na mpunga mzima, vyote pamoja.

Mama Mwamini alikinga kiganja, akakijaza, akakileta mpaka mbele yangu.

"Papa Amisi. Uliutia mupunga yetu mule?"

"Walinikatalia, mama. Walisema..."

"Sikuulizi walisema nini. Uliutia?"

"Hapana."

"Na bidoni ilirudi tupu namna gani?"

Nikamweleza habari za bilauri na jani. Mmoja wa wanawake akaanza kucheka, akaona uso wa Mama Mwamini, akaacha. Mama akanimiminia zile chenga mkononi mwangu, polepole, mpaka ya mwisho, akanifunga vidole.

"Uende nazo," akasema. "Ni zako. Weye njo uliweka saini."

Kesho yake asubuhi, vinu vilikuwa vinalia uani kama kawaida. Nililala nyumba ya jirani, nikavisikia kila kimoja.

Msije mkaniambia mzee anachukia mashine mpya. Nilikaa pale wiki nne kutafuta dawa. Nilitengeneza chungio mbili za waya, tukawa tunatenganisha punje nene na nyembamba kwanza, kisha tunakoboa kila aina peke yake, mashine imepimwa upya. Ilifanya kazi. Jifunzeni hiyo, ni njia nzuri, bado inafaa. Lakini magurudumu ya mpira yaliisha kabla ya msimu kuisha, na mengine hayakupatikana Kasongo, hayakupatikana Kindu, na barua zetu kwa muuzaji hazikujibiwa. Mashine ikanyamaza. Kuku walipoanza kutagia ndani yake, Mama Mwamini alisema angalau sasa inatoa kitu kizima.

Kisha nikaalikwa tena. Ndiyo, mimi! Maonyesho yaleyale, ukumbi uleule. Sikuelewa sababu mpaka nilipoingia. Juu ya kibanda, kubwa kama mlango wa msikiti, palikuwa na picha ya Mama Mwamini akicheka, mkono wake juu ya mashine. Chini wameandika kwamba wanawake wa Kabambare wameondokana na kinu. Walikuwa wameniita nije nishuhudie.

Wanangu, nimeshakasirika mara nyingi maishani, na mke na mikanda na watu wanaoleta mpunga mbichi. Lakini pale nilisogea mpaka chini ya ile picha, nikayasoma yale maneno mara ya pili. Furaha yake ya dakika tano walikuwa wameikata kama kitambaa, wakaitundika, wakauzia mashine nyingine.

Kijana wa kravati alinitambua, sasa akiwa na kitambi. "Eksperi wetu! Kuya, papa, kuya uambie watu!" Akanipa mikro.

Safari ile nilikuja nimeapa kutia mpunga, ila sikubeba bidoni, kwa sababu bidoni wangelishika mlangoni. Nilikuwa nimevaa suti ya kijivu, na mifuko yake yote, ya nje na ya ndani na ya suruali, ilikuwa imejaa mpunga wa Kabambare. Nilikuwa nimetembea ukumbini nikipukutika. Nikashika mikro kwa mkono wa kushoto, nikasema, "Huyu mama mnayemwona hapo juu ameniagiza nitie mpunga wake." Na kwa mkono wa kulia nikatia. Kiganja kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka nikageuza mfuko nje.

Ilitoka kama ilivyotoka Kabambare. Chini ya taa zile nzuri kila chenga ilionekana.

"Iyi si chakula ya kuku?" mtu mmoja akauliza nyuma.

Walizima mashine, wakazima mikro. Askari wawili wa mlangoni wakanivua kadi shingoni, kwa heshima, lazima niseme, mmoja wao akiniomba radhi. Nje ya geti wanawake wawili wa chama cha mpunga cha upande wa Kongolo walinikimbilia. Walikuwa wamepangiwa kuweka saini alasiri ileile, na mpunga wao nao ni wa kuchanganya. Mmoja akafungua mkoba wake, akaniomba punje zilizobaki mfukoni, akarudi nazo ndani. Sijui iliishaje kwao. Sikuwaona tena.

Nikaenda Kabambare moja kwa moja kumweleza Mama Mwamini. Alisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza.

"Sasa njo umefika Lubumbashi," akasema. "Ile mara ya kwanza sijui ulikuwa wapi."

Mwaka huu wanawake wa Kabambare wameahidiwa mashine tena, na waliochaguliwa kwenda kusema ndiyo au hapana ni ninyi. Vaeni suti zenu. Kuleni vya kwenye vijiti, chukueni kofia, mtaziona aibu zenu wenyewe njiani. Watawaita eksperi, na mtu mpole atawashika kiwiko.

Kabla ya kupanda gari piteni kwangu. Bidoni la Mama Mwamini liko hapa nyuma ya mlango, limejaa, punje nene na nyembamba, nimezitafuna kwa jino la pembeni na zinavunjika vizuri. Safari hii yule mama hataki kuona bidoni tupu. Ametuma niwaambie lirudi limejaa, na kilichomo kiwe kimepita ndani ya mashine, kiwe mchele au kiwe chenga. Hataliinua kuona uzito wake. Atalifungua mbele yenu na atatia mkono.